Kuzika Hewa Ukaa: Fedha za Umma Zinunue Nini?

Serikali inapotenga fedha za utafiti, mwananchi alipaye kodi ana haki ya kuuliza maswali mawili. Kwanza, fedha hizo zinanunua nini? Pili, kitu kinachonunuliwa kitakuwa mali ya nani? Maswali haya ni ya zamani, lakini yamepata uzito mpya katika jambo moja linalojadiliwa sana katika nchi zenye viwanda vingi, nalo ni utafiti wa kusafirisha hewa ukaa na kuihifadhi chini ya ardhi. Mwezi wa Novemba 2021 Marekani ilipitisha sheria iliyotenga dola bilioni 2.5 kwa kazi ya kupima na kuthibitisha mahali pa kuhifadhia hewa hiyo, na dola bilioni 2.1 nyingine kwa kugharimia mabomba na vyombo vya kuisafirisha. Mwezi wa Oktoba 2024 Uingereza nayo iliahidi pauni bilioni 21.7, zitakazotumika kwa muda wa miaka 25, kwa miradi ya kunasa na kuzika hewa ukaa. Lakini mwezi wa Mei 2025 Wizara ya Nishati ya Marekani ilifuta misaada 24 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.7, ambayo mingi ilihusu kazi hiyohiyo.

Mabadiliko kama hayo yamezua makundi mawili. Kundi moja husema kwamba bila fedha nyingi za serikali hewa ukaa haitazikwa kamwe, na dunia itazidi kupata joto. Kundi la pili husema kwamba jambo lote hili ni kisingizio cha wenye visima vya mafuta, na kwamba kila senti inayotolewa huko imepotea. Kila kundi lina sehemu ya ukweli. Hata hivyo, yote mawili huchanganya vitu viwili ambavyo yafaa vitenganishwe, yaani fedha zinazolipia mitambo ya kampuni na fedha zinazolipia maarifa. Historia ya miaka 30 iliyopita yaonyesha kwamba fedha za umma zilizonunua mitambo mara nyingi zimepotea, ilhali zile zilizonunua maarifa ya mwamba na ya bomba, maarifa yaliyo wazi kwa watu wote, zimebaki na faida hata pale miradi yenyewe ilipokufa.

Kwa nini hewa ukaa izikwe

Hewa ukaa, ambayo katika vitabu vya kemia huitwa kaboni dioksidi, ni sehemu ndogo sana ya hewa inayoizunguka dunia. Kabla ya enzi ya viwanda ilikuwa sehemu 280 hivi katika kila sehemu milioni za hewa. Ilipoanza kupimwa kwa utaratibu katika mlima wa Mauna Loa, huko Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa imefika 315 hivi. Mwaka 2024 wastani wake ulikuwa umepita 420. Ongezeko hilo limetokana hasa na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, ambavyo kila mwaka hutoa zaidi ya tani bilioni 36 za hewa ukaa. Kwa kuwa hewa hii huzuia sehemu ya joto la dunia lisitoke kwenda angani, dunia huzidi kupata joto kadiri hewa hiyo inavyoongezeka.

Dawa ya kwanza ya tatizo hili ni kupunguza kuchoma, na badala yake kutumia nguvu za jua, upepo, maji na jotoardhi. Hakuna utafiti wa kuzika hewa ukaa unaoweza kuiondoa dawa hiyo mahali pake. Lakini ziko kazi ambazo hutoa hewa ukaa hata kama moto wake ungewashwa kwa nguvu za jua. Mfano ulio karibu na kila shule ni saruji. Saruji hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa, yaani kalisi kabonati. Kila gramu 100 za kalisi kabonati zinapochomwa hugawanyika kuwa gramu 56 za kalisi oksidi na gramu 44 za hewa ukaa. Mwanafunzi anaweza kuthibitisha hesabu hii kwa kutumia jedwali la uzito wa atomi. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa itokayo katika kiwanda cha saruji hutoka ndani ya jiwe lenyewe, wala si katika moto. Nchi zinazojenga shule, madaraja na hospitali haziwezi kuacha saruji leo. Kwa hiyo swali la mahali pa kuipeleka hewa hiyo ni swali la kweli, wala halikubuniwa na wenye mafuta peke yao.

Mwamba unavyoishika hewa

Katika uso wa ardhi, tani 1 ya hewa ukaa huhitaji nafasi ya zaidi ya mita 500 za ujazo, kiasi cha kujaza madarasa matatu hivi. Ikishindiliwa chini ya ardhi kwa kina cha zaidi ya mita 800, shinikizo la huko huibana mpaka tani hiyo hiyo iwe karibu mita 2 za ujazo au pungufu. Jambo hili hutokea kwa sababu hewa ukaa, ikipita joto la nyuzi 31 za Sentigredi na shinikizo linalozidi mara 73 ya lile la hewa ya kawaida, huingia katika hali isiyo gesi kamili wala kimiminika kamili. Hupenya katika vitundu vya mwamba kama gesi, lakini huwa nzito karibu kama kimiminika.

Mwamba unaofaa ni ule wa mchanga ulioshikamana, wenye vitundu vingi vilivyojaa maji ya chumvi yasiyofaa kunywewa. Juu yake hapana budi pawepo tabaka la mwamba wa udongo mgumu usiopitisha kitu, liwe kama kifuniko cha chungu. Mwanzoni ni kifuniko hicho kinachoizuia hewa isipande. Kadiri miaka inavyopita, sehemu yake hunaswa ndani ya vitundu, sehemu huyeyuka katika maji ya chumvi, na sehemu hugeuka polepole kuwa madini. Hizo ni nadharia nzuri. Lakini hakuna mwamba unaofanana kabisa na mwingine, na hapo ndipo utafiti unapohitajika.

Mfano wa kwanza mkubwa ulianza mwaka 1996 katika kisima cha gesi cha Sleipner, katika Bahari ya Kaskazini upande wa Norwei. Gesi ya huko ilikuwa na hewa ukaa kiasi cha asilimia 9 hivi, nayo ilipaswa kupunguzwa mpaka asilimia 2.5 kabla ya kuuzwa. Serikali ya Norwei ilikuwa imeanzisha kodi ya hewa ukaa mwaka 1991, na kampuni ya mafuta, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya dola, iliona kwamba kuizika ni rahisi kuliko kuilipia kodi. Ikaishindilia katika mwamba wa mchanga ulio mita 800 hadi 1,000 hivi chini ya bahari, karibu tani milioni 1 kwa mwaka katika miaka mingi ya mwanzo.

Yafaa kuangalia nani alilipa nini. Mtambo wenyewe ulijengwa kwa sababu ya kodi, si kwa sababu ya ruzuku. Fedha za utafiti za Umoja wa Ulaya zilitumika kupima mahali hewa ilipofika, kwa kutuma mawimbi ya mtetemo ardhini na kusikiliza yanavyorudi. Vipimo hivyo baadaye vilifunguliwa kwa watafiti wa dunia nzima, na hadi leo wanafunzi wa jiolojia ambao hawajapata kuiona Norwei huvitumia kujifunza.

Pale mwamba ulipokataa

Maarifa yenye thamani kubwa zaidi yametoka pale ambapo mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa. Mwaka 2008 Norwei ilianza kuzika hewa ukaa katika mahali pengine, Snøhvit, kwenye bahari ya kaskazini zaidi. Wataalamu walikuwa na uzoefu wa miaka 12. Hata hivyo shinikizo ndani ya mwamba lilipanda upesi kuliko walivyokadiria, kwa kuwa mwamba ule haukuwa na nafasi iliyoungana kama walivyodhani. Mwaka 2011 iliwabidi waiache tabaka ya kwanza na kuhamia nyingine.

Barani Afrika, katika jangwa la Algeria, mradi wa In Salah ulishindilia tani milioni 3.8 hivi za hewa ukaa kati ya mwaka 2004 na 2011. Setilaiti zilizokuwa zikipima uso wa jangwa zilionyesha kwamba ardhi juu ya visima inainuka kwa milimita kadhaa kila mwaka. Hakuna jicho la mtu ambalo lingeliona jambo hilo. Uchunguzi ulionyesha kwamba shinikizo lilikuwa limeifungua mipasuko katika mwamba, na kukawa na wasiwasi juu ya kifuniko chake. Mwaka 2011 kazi ya kushindilia ikasimamishwa. Mradi ulikoma, lakini taarifa zake zilichambuliwa na wanasayansi wengi, na njia ile ya kupima kwa setilaiti ikawa sehemu ya elimu ya kazi hii kila mahali. Algeria imewafundisha watu wote kwamba mwamba huweza kuonya mapema, iwapo yupo anayeutazama.

Mtu aweza kuuliza kwa nini kampuni zisijifunze zenyewe kwa fedha zao. Jibu ni kwamba hewa iliyozikwa lazima ikae kwa mamia na maelfu ya miaka, ilhali kampuni chache huishi miaka 100. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2009 inatambua jambo hili, kwani inaruhusu dhamana ya hifadhi ihamie kwa dola baada ya kisima kufungwa, kwa kawaida baada ya muda usiopungua miaka 20. Kwa hiyo mrithi wa mwisho wa kila shimo la hewa ukaa ni umma. Mrithi asiyejua hali ya mali anayoachiwa hataweza kuitunza.

Bomba lipitapo karibu na watu

Kuhifadhi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusafirisha, nayo hugusa watu wengi zaidi. Nchini Marekani bomba kubwa la kwanza la hewa ukaa lilianza kazi mwaka 1972 huko Texas, kwa ajili ya kusukuma mafuta yaliyobaki ardhini. Leo mabomba ya namna hiyo yana urefu wa kilometa 8,000 hivi, na mengi hupita mahali penye watu wachache. Hewa ukaa yenye unyevu hugeuka kuwa asidi inayokula chuma, hivyo hukaushwa kwanza. Bomba likipasuka, hewa hutoka kwa nguvu, hupoa ghafula na kufanya ukungu mweupe. Na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa mara moja na nusu, haipandi juu kama moshi. Hutambaa na kutelemka mabondeni kama maji.

Tarehe 22 Februari 2020, baada ya mvua nyingi, kilima kiliporomoka karibu na mji mdogo wa Satartia, katika jimbo la Mississippi, na bomba la hewa ukaa likapasuka. Watu 200 hivi walihamishwa na 45 walihitaji matibabu. Magari yalizimika njiani kwa kukosa oksijeni, pamoja na yale ya watu waliojaribu kukimbia. Kwa bahati hakufa mtu. Idara ya serikali inayosimamia usalama wa mabomba ilitoa taarifa yake mwaka 2022. Ilieleza kwamba hesabu za kampuni za kukadiria jinsi hewa ingesambaa hazikuonyesha kuwa ingefika mjini, na kwamba waokoaji wa pale hawakuarifiwa na wenye bomba kuhusu ajali wala kuhusu hatari ya hewa hiyo.

Hapa ndipo upungufu wa utafiti unapoonekana waziwazi, kwa maana tabia hiyo ya hewa ukaa haikuwa siri. Usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni lilitoa hewa ukaa iliyokuwa imejikusanya chini ya maji yake. Hewa hiyo ilitelemka mabondeni hadi kilometa 25 hivi, ikaua watu wapatao 1,700 na maelfu ya mifugo. Na karibu na Goma, kaskazini mwa Ziwa Kivu, watu wa huko wamejua tangu zamani kwamba kuna mashimo na mabonde madogo ambamo hewa ya volkeno hujikusanya usiku na kuua mnyama au mtoto aingiaye. Wao huita mahali hapo mazuku. Wanasayansi wa volkeno wamelichukua neno hilo, na leo hulitumia katika maandishi yao duniani kote. Maarifa yalikuwepo katika lugha ya wenyeji na katika kumbukumbu za Kameruni, lakini hayakuwa yamegeuzwa kuwa hesabu za kuwalinda watu wa Satartia. Kazi ya kugeuza maarifa kama hayo kuwa kanuni ya usalama haina faida ya biashara kwa kampuni yoyote. Ni kazi ya umma, na inahitaji fedha za umma.

Fedha zilizopotea na fedha zilizobaki

Sasa inafaa kutazama hesabu. Mwaka 2003 serikali ya Marekani ilitangaza mradi wa FutureGen, kituo cha umeme wa makaa ya mawe ambacho kingezika hewa ukaa yake. Mwaka 2008 ilijitoa, mwaka 2010 ikaufufua kwa sura nyingine, na mwaka 2015 ikaufuta. Mwezi wa Desemba 2021 ofisi ya ukaguzi inayolihudumia Bunge la nchi hiyo ilionyesha kwamba tangu mwaka 2009 karibu dola milioni 684 zilikuwa zimetolewa kwa miradi minane ya makaa ya mawe, na ni mmoja tu uliojengwa na kufanya kazi. Nao ulisimama mwaka 2020, ukaja kuanza tena mwaka 2023. Miradi mitatu ya viwanda vingine ilipata dola milioni 438 hivi, na miwili ikajengwa.

Uingereza iliendesha mashindano mawili ya kampuni, la kwanza lililoanza mwaka 2007 na kufutwa mwaka 2011, na la pili lililoanza mwaka 2012 na kufutwa mwaka 2015. Zaidi ya pauni milioni 160 za umma zilitumika bila mtambo mmoja kujengwa. Lakini serikali ilikuwa imeweka sharti kwamba michoro na vipimo vilivyolipiwa na umma vichapishwe. Mashindano yalipokufa, taarifa zile zilibaki, na kila mhandisi anaweza kuzisoma hadi leo.

Mfano mwingine watoka Illinois, nchini Marekani. Kati ya mwaka 2011 na 2014 taasisi ya jiolojia ya jimbo hilo, kwa fedha za Wizara ya Nishati, ilisimamia kuzikwa kwa karibu tani milioni 1 za hewa ukaa katika mwamba wa mchanga wenye kina cha mita 2,100 hivi huko Decatur, na kuchapisha matokeo yake. Mwaka 2024, katika mradi wa biashara uliofuata mahali hapohapo, ilijulikana kwamba kimiminika kilikuwa kimepenya hadi tabaka lisiloruhusiwa kupitia kisima cha uchunguzi kilicholiwa na kutu. Haikuonekana kwamba maji ya kunywa yaliguswa. Tukio hilo laonyesha kwamba utafiti hauishi siku mtambo unapoanza kazi. Pengine ndipo unapohitajika zaidi.

Norwei imetoa mfano wa utaratibu mwema. Kabla Bunge lake halijaidhinisha mradi mkubwa wa kupokea hewa ukaa ya viwanda, kilichimbwa kwanza kisima cha uchunguzi, kikakamilika mwaka 2020, na vipimo vyake vikafunguliwa kwa umma mwaka huohuo. Ni baadaye tu ndipo serikali ilipokubali kulipia sehemu kubwa ya mitambo. Mwezi wa Agosti 2025 hewa ukaa ya kiwanda cha saruji cha Brevik, iliyosafirishwa kwa meli na kisha kwa bomba la kilometa 100 hivi, ilishindiliwa katika mwamba wenye kina cha mita 2,600 chini ya bahari. Hapa umma umelipia pia mitambo, lakini baada ya kuujua mwamba, na kwa ajili ya saruji ambayo haina njia nyingine iliyo rahisi.

Hoja za wapinzani

Wapo wanaosema kwamba fedha hizi zingefaa zaidi kama zingepelekwa katika nguvu za jua na upepo. Hoja hii ina nguvu, hasa kwa vituo vya umeme. Uwezo wa mitambo yote ya dunia ya kunasa hewa ukaa mwaka 2024 ulikuwa tani milioni 50 hivi kwa mwaka, ambazo ni kama sehemu moja tu katika mia saba ya hewa inayotolewa. Tena sehemu kubwa ya hewa iliyonaswa imetumika kusukuma mafuta zaidi yatoke ardhini. Mwenye kudhani kwamba kuzika kutaruhusu dunia iendelee kuchoma kama zamani anajidanganya. Lakini hoja hiyo inapinga mitambo ya ruzuku, haipingi maarifa. Kwa hakika ni maarifa ya wazi yanayomwezesha mwananchi kumwambia mwenye kiwanda kwamba ahadi yake haitekelezeki. Pasipo vipimo huru, umma hubaki kuamini tangazo la kampuni.

Wengine husema kwamba soko litagharimia utafiti wenyewe. Sleipner inaonyesha kwamba soko huweza kujenga mtambo pale kodi inapoufanya uwe na faida. Lakini soko halikuwafundisha waokoaji wa Satartia. Faida ya utafiti wa usalama huenda kwa watu wote, na kitu ambacho faida yake ni ya wote aghalabu hakimpati mnunuzi mmoja.

Nafasi ya Afrika Mashariki

Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia, na si haki wala busara nchi za Afrika Mashariki zijitwike gharama ya mabomba makubwa. Hata hivyo ziko sababu za kulifahamu jambo hili. Kereita nchini Kenya na Rungwe nchini Tanzania ni mahali ambapo hewa ukaa ya asili hutoka ardhini na huvunwa kwa matumizi kama vile kutengenezea soda. Mahali hapo panafaa sana kwa kujifunza jinsi hewa hii inavyopanda katika mwamba. Huko Aisilandi, majaribio yaliyoanza mwaka 2012 yalionyesha kwamba hewa ukaa iliyoyeyushwa katika maji na kushindiliwa katika basalti, yaani mawe meusi ya volkeno, iligeuka kuwa jiwe kwa zaidi ya asilimia 95 katika muda usiozidi miaka miwili. Bonde la Ufa lina basalti tele, na kampuni changa zimeanza kuvutiwa nayo nchini Kenya. Lakini njia hiyo ilihitaji kiasi cha tani 25 za maji kwa kila tani moja ya hewa ukaa. Katika nchi ambazo wafugaji hutembea siku nzima kutafuta maji, hilo ni swali la kwanza, wala si la mwisho.

Wageni watakapokuja na mikataba ya kuzika hewa ukaa ya nchi nyingine katika ardhi ya Afrika Mashariki, ni nani atakayewaambia viongozi kama mwamba unafaa au haufai? Afrika ya Kusini ilianza kujiandaa mapema kwa kutoa mwaka 2010 atlasi ya mahali panapoweza kuhifadhi hewa ukaa, nayo ikagundua kwamba sehemu iliyo kubwa mno iko chini ya bahari, mbali na vituo vyake vya makaa ya mawe. Atlasi kama hiyo haihitaji mabilioni ya dola. Visima vilivyochimbwa kutafuta gesi, mathalani Songo Songo ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, vimekwisha kutoa sampuli na vipimo vya miamba. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kuzitunza taarifa hizo, kuzichambua katika vyuo vikuu na kuzifungua kwa watafiti ni hatua iliyo ndani ya uwezo wa serikali hizi.

Masharti yanayofaa

Kutokana na mambo yaliyoelezwa, fedha za umma kwa utafiti huu zastahili kutolewa kwa masharti matatu. La kwanza, kila kipimo kilicholipiwa na umma kichapishwe, pamoja na vipimo vya miradi iliyoshindwa. La pili, anayepima hewa iliyozikwa asiwe yuleyule anayelipwa kwa kuizika, na upimaji ugharimiwe kwa miaka mingi baada ya kisima kufungwa. La tatu, watu wanaoishi juu ya mwamba au kando ya bomba waelezwe hatari kwa lugha yao, kabla ya kazi kuanza, na waokoaji wao wafundishwe.

Shule za sekondari nazo zina sehemu yao. Mwalimu akichanganya siki na magadi ndani ya bilauri pana, kisha akaiinamisha polepole juu ya mshumaa unaowaka bila kumwaga kimiminika, mwali utazimika ingawa hakuna kitu kilichoonekana kumwagika. Mwanafunzi aliyeliona hilo ameelewa kilichotokea Nyos, Goma na Satartia. Siku moja huenda akawa diwani, mbunge au mhandisi, akaletewa mkataba wa bomba autie sahihi. Atajua kuuliza hewa hiyo itatelemkia wapi bomba likipasuka, na ni nani aliyepima.